Nimekuja Kununua Nini?

"Mteja nambari arobaini na moja, dirisha nambari tatu."

Sauti ilitoka kwenye spika iliyobanwa juu ya mlango, sauti ya mwanamke ambaye hakuwamo humo ndani. Mzee aliyeketi kando yangu alikuwa ameshika kikaratasi chenye 41 kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika samaki asiyemjua jina. Hakuinuka. Sauti ikarudia. Nikamgusa bega nikamwambia, "Mzee, ni wewe unayeitwa."

Akanigeukia. "Mteja huyo ni mimi? Mwanangu, kwani nimekuya kununua nini?"

Hakuwa anafanya mzaha. Ni mvuvi. Kitambulisho chake kilizama siku mashua ilipochukua maji upande wa Manda, akavuka hadi mjini kutafuta kingine. Kwa hesabu yake alikuwa amekuja kwa serikali yake kuchukua karatasi inayosema yeye ni nani, na hapo hakuona ununuzi uko wapi. Nilicheka kidogo, nikaona aibu kwa kucheka, na tangu siku hiyo swali lake halijaniondoka. Nyuma ya neno hilo moja la spikani kuna mageuzi ya miaka arobaini na zaidi katika namna serikali zinavyotawala, na sisi wa Lamu tumeyaona kwa karibu kuliko wengi, ingawa ni nadra kuyaita kwa jina.

Tuanze na maneno, kwa sababu Kiswahili chenyewe kimeweka kumbukumbu. "Raia" tumelipata kwa Kiarabu, na shina lake ni kuchunga: raia ni kundi lenye mchungaji. Ni neno la enzi za masultani na maliwali, la wakati Ngome pale Mkunguni ilipokuwa ndiyo sura ya dola. Tena ngome hiyo iliendelea kuwa gereza hadi 1984, nikiwakumbusha wanaodhani ilijengwa kwa ajili ya maonyesho. "Mwananchi" likashika kasi na uhuru. Hilo ni neno la ukoo. Mwana ana haki nyumbani kwao hata akiwa hana senti, na mama hamtozi mwanawe kiingilio. "Mteja" hana ukoo na mwenye duka. Ana pesa au hana. Ile sauti ya simu inayokwambia mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa haijui kama mwenyewe yuko baharini, kalala, au kazikwa jana, wala hiyo si kazi yake kujua. Vijana wetu wa pwani nao wana maana yao: "teja" ni aliyenaswa na unga, asiyeweza kuacha kununua. Maana hiyo naiacha ilipo.

Kinachoitwa na wasomi uliberali mamboleo, na ambacho hapa nitakiita utawala wa soko, ni imani kwamba soko ndiyo njia bora ya kugawa karibu kila kitu, na kwamba serikali yenyewe ifanye kazi kwa mantiki ya soko: ipime kwa gharama na mapato, itoe zabuni, ishindanishe, itoze. Watu humtaja Margaret Thatcher aliyeingia madarakani Uingereza mwaka 1979 na Ronald Reagan aliyemfuata Marekani mwaka 1981. Kwetu fikra hiyo haikuletwa na kura. Ilikuja ndani ya masharti ya mikopo. Mwaka 1965 Kenya iliandika waraka wa bunge nambari 10 ulioahidi usoshalisti wa Kiafrika. Ulikuwa usoshalisti wa maneno zaidi, lakini angalau ulizungumza kuhusu vita dhidi ya umaskini, ujinga na maradhi kama kazi ya dola. Mwaka 1986 ukaja waraka mwingine, nambari 1, uliotaka soko liachiwe nafasi na serikali ipunguze mkono wake, katika kipindi ambacho Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walikuwa wakidai marekebisho ya uchumi. Desemba 1989 hospitali za umma zikaanza kutoza "kuchangia gharama". Ikasitishwa 1990 kwa sababu watu waliacha kwenda kutibiwa, kisha ikarudishwa kidogo kidogo kuanzia 1992. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka jinsi neno "kuchangia" lilivyobadilika ladha. Mchango ni kitu cha harusi na matanga.

Na ile bao ya matangazo iliyopigiliwa nje ya kila ofisi ya umma, yenye safu nne, huduma, mahitaji, ada na muda? Nayo ina nasaba. Mwaka 1991 waziri mkuu wa Uingereza, John Major, alitangaza hati ya kuwaahidi raia viwango vya huduma kama vile duka linavyomwahidi mnunuzi. Wazo hilo lilizunguka dunia. Kenya ilianzisha mikataba ya utendaji kazi mwaka 2004, maofisa wakaanza kutia saini malengo kama wasimamizi wa kampuni, na mabao yakaenea hadi vijijini. Sisemi ni jambo baya. Bao hilo linamsaidia mtu kujua kwamba safu ya ada imeandikwa "bure", na aliyewahi kuombwa "chai" mbele ya bao kama hilo anajua thamani ya kuweza kunyoosha kidole. Lakini litazame vizuri: linakueleza utapata nini, kwa bei gani, kwa siku ngapi. Halina safu ya kukuuliza kama huduma hiyo ilifaa kuwapo, au nani aliamua bei.

Kosa linalofanywa sana katika mjadala huu, na hata mimi nimelifanya, ni kudhani kwamba soko likiingia serikali inatoka. Lamu inakanusha hilo ukisimama tu ukaangalia. Mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault alilisema mapema, akifundisha Paris mwaka 1979: waumini wa soko wa aina hii mpya hawakutaka dola ikae kando, walitaka dola itawale kwa ajili ya soko, ilijenge na kulilinda. Tafsiri yangu ya Kiamu ni fupi zaidi. Serikali imekuwa dalali.

Dalali si mtu mnyonge. Muulize yeyote aliyewahi kuuza kiwanja. Ndiye anayejua mnunuzi ni nani na muuzaji ana dhiki gani, ndiye anayeshika karatasi, na mara nyingi ndiye pekee anayeondoka na kitu hata biashara ikiharibika.

Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Waziri Mkuu wa Ethiopia Meles Zenawi na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini walikutana hapa kuzindua mradi wa LAPSSET: bandari katika ghuba ya Manda, barabara, reli na bomba la mafuta kuelekea Sudan Kusini na Ethiopia. Ramani ya awali ilikuwa na gati 32. La kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na hadi sasa yaliyojengwa ni matatu. Lakini kabla hata zege halijamwagwa, soko lilikuwa limeshafika. Mwaka 2014 serikali yenyewe ilitangaza kwamba takriban ekari 500,000 za Lamu zilikuwa zimegawiwa kampuni 22 kwa njia zisizo halali katika miaka ya 2011 na 2012, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza hati zifutwe. Soma sentensi hiyo tena polepole. Watu ambao wamelima na kuchunga kwa vizazi bila hatimiliki walikuwa bado wanaambiwa wasubiri. Kampuni zilipata hati kwa miezi. Mkono uliotia saini hati hizo ni wa serikali, na mkono uliozifuta ni wa serikali. Sasa anayesema serikali imepungua nguvu, imepungua wapi?

Ilichobadilisha ni mtu inayemsikiliza kwanza. Mwekezaji anahitaji ardhi iliyosafishwa migogoro, sheria isiyoyumba, ulinzi, na ahadi kwamba kesho hakutakuwa na kodi ya kushtukiza. Chini ya mpango wa Maeneo Maalumu ya Kiuchumi ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2015, kampuni iliyo ndani ya eneo hilo hulipa kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza na asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata, wakati kampuni ya kawaida nje ya uzio inalipa 30. Na bidhaa zilizomo huhesabiwa kama ziko nje ya mipaka ya forodha. Kwa hiyo ndani ya nchi moja kuna vipande vya nchi vyenye sheria nafuu zaidi, na vipande hivyo havigawiwi kwa mahitaji ya wanaokaa humo. Kuna mpaka unaomfaa mtaji na mpaka unaomfaa mtu, na haiko mahali pamoja.

Kesi ya wavuvi ndiyo inayoonyesha mambo haya yote yamefumana vipi, na naomba nikae nayo.

Mwaka 2012, mara tu mradi ulipoanza kusogea, Mohamed Ali Baadi na wenzake walikwenda mahakamani. Hoja yao haikuwa kwamba bandari isijengwe kabisa. Walisema hawakupewa habari, hawakushirikishwa, na kwamba kuchimba kina cha bahari na kukata mikoko kungeua maeneo ya uvuvi na kuvuruga utamaduni unaotokana na bahari hiyo. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliwakubalia kwa kiasi kikubwa. Ilisema haki ya mazingira safi, haki ya kupata habari, ushirikishwaji wa umma na haki ya utamaduni zilikiukwa. Ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Tufanye hesabu ya vidole. Bilioni 1.76 kwa watu 4,600 ni kama shilingi 382,600 kwa kila mmoja. Si pesa ya kudharau. Ni pesa ya boti ndogo na mashine iliyotumika, ukibahatika. Lakini ni bei ya nini? Mvuvi wa hapa hamiliki bahari. Anamiliki kitu kisichoandikika: kujua bamvua na maji mafu, kujua mwamba gani una kamba mwezi gani, kujua kupita mkondo usiku kwa alama za nyota na minara ya misikiti, na zaidi ya yote, uhakika kwamba mwanawe atavikuta vitu hivyo mahali pake. Mahakama ililitambua hilo ilipotaja utamaduni. Ilipofika wakati wa kutoa amri, ikawa lazima kila kitu kipite kwenye tundu moja, na tundu hilo lina umbo la shilingi. Malipo yenyewe yalizungushwa kwa miaka, kwa rufaa na vikao, hadi ikakubaliwa sehemu itolewe taslimu na sehemu kwa vifaa vya uvuvi. Mvuvi aliingia mahakamani akiwa mwananchi anayedai sauti katika uamuzi. Akatoka na daftari la majina ya wadai.

Sitaki nionekane naidharau hukumu hiyo. Bila yake wavuvi wasingepata hata hilo daftari, na kifungu cha ushirikishwaji wa umma kingebaki pambo la Katiba ya 2010. Ninachosema ni kwamba hata ushindi wa mwananchi, katika zama hizi, hulipwa kwa sarafu ya mteja.

Kesi ya makaa ya mawe ilikwenda tofauti. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga kituo cha umeme wa makaa hayo cha megawati 1,050 Kwasasi, bara, karibu na mji ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Leseni ya mazingira ilitolewa 2016. Watu wa hapa wakapinga, wakiwamo wa muungano wa Save Lamu, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta leseni hiyo, sababu kubwa ikiwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Hapa sitasimulia mapambano, yamesimuliwa sana. Nataka tuangalie mkataba, kwa sababu ndani ya mikataba ya umeme ndimo utawala wa soko unamojificha vizuri zaidi.

Wengi hudhani kampuni binafsi ikizalisha umeme inajitia hatarini kama muuza samaki: asipouza, wanaoza, hasara yake. Sivyo. Mikataba mingi ya umeme nchini ina malipo ya uwezo. Shirika la umma linalonunua umeme hulipa kwa mtambo kuwa tayari kuzalisha, hata kama umeme wenyewe haukuchukuliwa, na mikataba hiyo huenda miaka 20 na zaidi. Hatari ya biashara imebaki kwa umma, faida imekwenda kwa mwenye mtambo, na gharama inaingia kwenye tokeni za umeme unazonunua kwa simu usiku taa zikizimika. Ni kama kumlipa mwenye mashua kila siku kwa kuwa mashua yake imetia nanga, twende au tusiende. Halafu mkataba huo unapita mihula minne ya wabunge na marais. Kura yako ya kesho inakuta uamuzi umeshafungwa kwa makufuli ya jana. Kwangu mimi hapo ndipo uraia unapoliwa hasa, kwa utulivu, bila askari wala virungu: mambo makubwa yanahamishwa kutoka bungeni hadi kwenye vifungu vya mkataba, na mwananchi anabakiziwa mambo ambayo yanaweza kupigiwa kura bila kumsumbua mtu.

Na wakopeshaji? Nitapita haraka. Kenya iliuza hati zake za kwanza za deni katika masoko ya kimataifa mwaka 2014, dola bilioni 2, na muda wa kulipa ulipokaribia Juni 2024 ikalazimika kukopa tena Februari mwaka huo kwa riba ya takriban asilimia 10 ili kuzinunua. Juni hiyo hiyo vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 26 rais akatangaza hatautia saini. Mkopeshaji hana kura, lakini ana neno. Waziri wa fedha anamwogopa kila asubuhi. Mpiga kura, waziri anamwogopa mara moja kwa miaka mitano, ila vijana wakiamua vingine.

Turudi nyumbani, kwenye maji. Hapa kwetu maji yalikuwa na sheria yake kabla ya sheria. Nyumba za mawe zilikuwa na birika, misikiti ilikuwa na visima, kisiwa cha Pate kina jabia za kukinga mvua, na mtu akijaliwa aliacha maji ya sabili: mtungi na kata mlangoni, kwa yeyote apitaye, thawabu kwa marehemu wake. Baadaye ukaja mfereji wa serikali. Mji wa Lamu unakunywa kutoka kwenye visima vya Shela, maji matamu yanayochujwa na zile tuta za mchanga ambazo watalii huzipiga picha wakidhani ni pambo. Sheria ya Maji ya 2002 ikabadilisha mpango: maji yakawa kazi ya kampuni za maji, za umma kwa umiliki lakini zinazotakiwa kujiendesha kibiashara, zikisimamiwa na mdhibiti anayeidhinisha bei. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ikatangaza maji safi na ya kutosha kuwa haki ya kila mtu. Mpango huo na haki hiyo vyote vinasimama hadi leo, ingawa sheria yenyewe ya 2002 imeshabadilishwa na ya 2016. Haki imeandikwa katika katiba, mita imefungwa ukutani, na haijulikani ipi inaisoma nyingine.

Ukiwauliza wanaosimamia kampuni hizi watakwambia, na kwa haki, kwamba bomba halitengenezwi kwa dua, kwamba maji yasiyolipiwa ndiyo yanayovuja. Ni kweli. Lakini tuta za Shela hazina mita. Kila nyumba ya kifahari inayopandishwa juu ya mchanga huo inaongeza thamani ya soko na kupunguza maji ya chini, na katika hesabu za soko ile ya kwanza inaonekana siku hiyo hiyo, ya pili itaonekana wajukuu wakichota chumvi.

Afya ina kichekesho chake. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya jamii inamkata mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa, yaani wengi wetu, hupimwa uwezo: anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake na vitu alivyo navyo, mfumo unakadiria kipato, unatoa kiasi cha kulipa, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na sheria inataka cha mwaka mzima kitangulizwe. Sasa mchukue bibi mmoja wa Mkomani, mjane, nyumba yake ya mawe ya matumbawe aliyorithi kwa nyanyake, kuta unene wa dhiraa, dari ya boriti, vidaka vya sahani ambazo zimeshauzwa zote. Ukuta wa nini? Wa mawe. Vyumba vingapi? Sita, ingawa viwili vimeanguka dari. Choo? Cha ndani, tangu karne ya kumi na nane. Fomu za namna hii zilitungwa na mtu ambaye akilini mwake maskini anaishi kwenye udongo na tajiri kwenye mawe. Katika mji mkongwe wa Lamu unaweza kufa njaa ndani ya jumba.

Na punda wa Lamu je? Tangu 1987 kuna kliniki ya hisani ya Waingereza inayowatibu bure. Hakuna punda aliyewahi kuulizwa zizi lake limeezekwa kwa kitu gani. Nawapenda punda, sina ugomvi nao, lakini kuna siku nikipita pale na risiti ya dawa mfukoni huwatazama kwa jicho la wivu.

Nimefika kwenye jambo linalonikera zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba serikali ya soko haina uaminifu hata kwa soko lenyewe. Duka halisi lina fadhila moja: halikuulizi babu yako alizaliwa wapi. Ukiwa na pesa, unauziwa. Lakini Mbajuni wa Kiunga au Kizingitini anayekwenda kutafuta kitambulisho ameitwa mteja kwenye spika, na kwa miaka mingi amepelekwa vilevile mbele ya kamati ya kumhoji kama kweli ni Mkenya, alete wazee wa kumshuhudia, alete karatasi za baba, alete za babu. Uhakiki huo wa jamii za mipakani na za Kiislamu ulitangazwa kufutwa na Rais William Ruto Februari 2025, akiwa Wajir. Mwaka mmoja kabla yake ada ya kitambulisho kilichopotea ilikuwa imepanda kutoka shilingi 100 hadi 1,000. Dirisha moja ni duka, dirisha la pili ni lango la gereza, na foleni ni ile ile.

Usalama nao hivyo hivyo. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, amri ya kutotoka usiku ilishuka juu ya kaunti nzima, na wavuvi wakazuiwa kuvua usiku kwa miaka. Anayejua bahari anajua kuna samaki wasioshikwa mchana. Wakati huo huo mipango ya bandari ilikuwa ikisonga. Serikali ambayo haikuwa na pesa za kuezeka zahanati ilikuwa na doria za kutosha kumrudisha mtu mwenye ngarawa ufukweni. Hiyo ndiyo picha ninayotaka msomaji aishike: dola imejipunguza katika kugawa, imejiongeza katika kulinda na kuamrisha, na katikati imejiweka kuwa mpitisha mikataba.

Nikiishia hapo nitakuwa sijasema ukweli wote. Ile serikali ya zamani, ya mwananchi, haikumpenda mtu wa Lamu kihivyo. Hospitali ilikuwa bure na haikuwa na dawa. Pasipoti ilimaanisha basi hadi Mombasa, malazi ya siku tatu, na binamu anayemjua mtu. Leo eCitizen, jukwaa la huduma za serikali mtandaoni lililoanza 2014 na kupanuliwa 2023 hadi kubeba huduma elfu kadhaa, linamwezesha binti wa Faza kuomba cheti akiwa barazani kwao, na ile ada ya nyongeza anapolipa ni ndogo kuliko nauli ya boti. Kuwa mteja kuna heshima yake pia: mteja anaweza kulalamika, raia wa enzi za mchungaji alichapwa. Na pale wazee wa miaka 70 na zaidi walipoanza mwaka 2018 kupokea shilingi 2,000 kwa mwezi kutoka mpango wa serikali wa Inua Jamii, wengi kwa mara ya kwanza waliona serikali ikiwapa kitu bila kuwaomba. Hata hapo, ukitazama, haki imefika ikiwa pesa: chukua, nenda kanunue mwenyewe. Lakini sijamwona bibi yeyote aliyezikataa kwa sababu za kifalsafa.

Mipaka ya mteja inaonekana anapotaka kitu ambacho hakiko kwenye rafu. Anaweza kudai kitambulisho kitoke kwa siku kumi. Hawezi, akiwa mteja, kudai gati lijengwe mahali pengine, mchanga wa Shela uachwe, au mkataba wa umeme usomwe hadharani kabla haujatiwa saini. Vitu hivyo havinunuliwi na mtu mmoja mmoja. Siku hizi vikao vya kuvijadili huitwa vikao vya wadau, na kwenye ukumbi huo mvuvi, benki, kampuni ya ujenzi na wizara hupewa kila mmoja kiti, soda na chupa ya maji, kana kwamba wote wana kitu sawa cha kupoteza. Mdau ni mwenye hisa katika jambo. Mvuvi hana hisa baharini, ndimo anamoishi.

Yule mzee alikwenda dirishani hatimaye, nami nikasimama naye kwa sababu ilibainika malipo hayapokelewi kwa noti. Lazima simu. Simu yake ilikuwa ya tochi na laini yake imesajiliwa kwa jina la mwanawe aliye Mombasa. Nikalipa kwa yangu, akanipa noti zake zilizokunjwa, zenye harufu ya ngisi. Ujumbe ukaingia kwangu ukinishukuru kwa malipo, majina yangu yote matatu.

Akataka nimsomee. Nikamsomea.

"Hapo limetajwa jina lako," akasema.

"Ndiyo, mzee. Ni kwa kuwa nimelipa mimi."

Akaikunja risiti ya karatasi mara nne, akaitia kwenye kofia yake, akaniuliza tena kwa sauti ya chini, asije akasikiwa na yule wa dirishani: "Basi hicho kitambulisho kikitoka, kitakuwa cha nani?"